Mwalimu, mbona chai yako ina mapovu?

Swali lenu la wiki hii, kama vituo vya kulea watoto baada ya masomo vipige marufuku soda, juisi na biskuti, limenitonesha kidonda. Kazi hiyo nimeifanya miaka sita. Haraka haraka ningejibu hapana, maana mtoto ukimkataza kitu ndipo anapokitamani zaidi. Lakini mimi nina langu, nalo linawahusu walezi.

Kituo chetu kilikuwa na sheria: maji na matunda tu. Niliibandika ukutani kwa mkono wangu, nikachora na chungwa pembeni. Soda yangu niliinywea kwenye kikombe cha chai.

Siku moja mvua ilitufungia ndani, watoto ishirini na kitu chumba kimoja. Nimekaa kitini nawaamuru waruke papo hapo walipo, kwa sababu Shirika la Afya Duniani linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 aushughulishe mwili wastani wa dakika 60 kwa siku, nami dakika hizo nilikuwa nikizihesabu kwenye saa ya ukutani. Binti mmoja wa miaka saba akaacha kuruka, akaja mezani, akachungulia.

"Mwalimu, mbona chai yako ina mapovu?"

Nikasema ni ya moto. Akagusa kikombe kwa kidole kimoja. "Mbona baridi?" Hakucheka wala hakuwaita wenzake. Alirudi mahali pake, akaketi. Mmoja mmoja wakaketi wote, na sikuwa na uso wa kumwinua hata mmoja.

Niliimwaga ile soda (ilikuwa bado robo tatu, na roho iliniuma), nikasukuma meza pembeni, nikachukua kamba ya kuruka. Nikaruka vibaya, kiatu kikanichomoka. Hapo ndipo walipoinuka, kila mtu akitaka zamu.

Sasa naandika haya huku ile hapana yangu inalegea. Chukueni juisi: sukari yake, hata kama ni tunda tupu lililokamuliwa, shirika hilo hilo linaihesabu kundi moja na ya soda, na wazazi huifunga kwenye mkoba kwa nia njema kabisa. Basi pigeni marufuku, ila isiwe kwa watoto peke yao, na siku ya kuzaliwa ya mtoto msiihesabu. Walezi nao wapewe kona ya kunywea chai, chai kweli, maana saa tatu na watoto wa watu si mchezo.