Kabla hujapanda gari lenye mzigo wa mionzi

Kijana mmoja ameniandikia kwamba amepata kazi ya kusindikiza mizigo ya mionzi, na anauliza aogope nini zaidi. Namjibu hapa kwa kuwa najua mko wengi mnaoitamani kazi hii.

Ajali zilishafikiriwa. Kasha la aina B, lile la kubebea vyanzo vikali vya mionzi, hupimwa kwa kudondoshwa kutoka mita 9 na kuchomwa kwa moto wa nyuzi 800 za Selsiasi kwa dakika 30. Wewe ogopa gari likisimama. Desemba 2013 nchini Meksiko, lori lililobeba kobalti-60, madini yenye mionzi mikali, kutoka hospitali ya Tijuana liliibwa likiwa kwenye kituo cha mafuta. Chanzo kilikutwa shambani, kimeshatolewa kwenye kasha lake. Kasha laweza kustahimili moto, likashindwa na mikono ya watu.

Nilipokuwa mgeni kazini nilikataa kuondoka jioni, maana tungelala njiani pasipo uzio wala mlinzi. Msimamizi akanifokea mbele ya madereva, akaniita mwoga, safari akampa mwingine. Imepita miaka na bado inaniuma. Leo hati za safari nasaini mimi, na hakuna mzigo niliousaini uliowahi kulala bila mlinzi. Hilo najivunia, tena waziwazi.

Kwa hiyo panga vituo mapema. Njia na saa ya kuondoka vijulikane na wahusika tu, na picha za gari usizitume popote, hata kwa mkeo. Vituo, narudia, vipangwe mapema.

Halafu kagua mzigo saa ileile unapofika. Januari 2023, Australia Magharibi, kidonge cha sesiamu-137, nayo ni madini ya mionzi, chenye urefu wa milimita 8 kilidondoka kwenye safari ya kilomita 1,400 hivi. Kifaa kilichokibeba kilifika Perth, lakini siku zilipita kabla ya mtu kukifungua na kugundua pengo. Kidonge kilipatikana kando ya barabara tarehe 1 Februari. Mtu mwenye kipimo cha mionzi mlangoni angejua kabla dereva hajashuka! Vijana, msione haya kuonekana wasumbufu. Pimeni mnapopokea, pimeni mnapokabidhi, andikeni.

Nawe uliyeniandikia, siku ya kwanza omba uonyeshwe mpango wa safari, wenye vituo na namba za kupiga simu. Wakikujibu kwamba dereva anaijua njia, usipande gari hilo.