Vyeo na funguo: jinsi tunavyoendesha idara za kundi la mashabiki

Kundi la mashabiki likishafikisha watu mia mbili hivi, kitu cha kwanza watu wanachodai si tiketi wala jezi. Wanadai vyeo. Hapa Lubumbashi nimeona makundi ya mashabiki wa TP Mazembe, klabu ya mpira ya mji huu, yenye prezida, makamu wa kwanza, makamu wa pili, katibu, naibu katibu, mweka hazina, msemaji, mkuu wa itifaki, mshauri wa prezida na mshauri maalumu wa prezida. Siku ya mechi ikifika, hakuna hata mmoja wao aliyeandika mpira unaanza saa ngapi.

Mimi ni katibu wa kundi kama hilo, misimu kadhaa sasa. Tuko WhatsApp: watu wa komini za hapa mjini, Kamalondo, Kenya (komini, si nchi), Katuba na Ruashi, pamoja na ndugu waliohamia Ndola, Johannesburg na Ubelgiji. Kanuni ninazozieleza hapa ndizo zilizobaki zimesimama baada ya magomvi mengi. Mwenye kundi la mwanamuziki au la tamthilia achukue zinazomfaa, maana fujo za vyeo ni zile zile.

Kwanza idara. Kabla ya kufungua idara, jiulizeni: ikinyamaza wiki mbili, nani atauliza iko wapi? Kama hakuna wa kuuliza, msiifungue. Sisi tulibaki na nne: habari, michango, mapokezi na uwanja. Itifaki ilikufa, wala hakuna aliyeweka kilio.

Idara ya habari ndiyo inayowapima watu. Kazi yake inaonekana rahisi, kutangaza mechi na kikosi na matokeo, lakini chukua suala la saa tu. Tangazo likitoka Kinshasa, mara nyingi limeandikwa kwa saa za huko, na sisi tuko mbele yao kwa saa moja. La CAF, shirikisho la mpira la Afrika, linakuja kwa GMT, ambayo tunaizidi kwa saa mbili. Ndugu wa Johannesburg wako sawa nasi mwaka mzima. Wa Ubelgiji wako sawa nasi majira ya joto, baridi ikifika wanabaki nyuma saa moja. Ukiandika "mpira ni saa tisa na nusu" bila kusema ya wapi, kuna baba atakayefika uwanjani amechelewa, na kuna mwingine atakayekaa juani saa nzima akikutukana. Kwa hiyo kila tangazo letu linaanza na saa ya Lubumbashi, kisha inafuata ya Kinshasa. Anayesahau mara ya pili anarudishwa kusoma matangazo ya mwenzake kwa muda kabla hayajatumwa.

Kanuni nyingine ya habari: hakuna habari ya mchezaji kuuzwa mpaka ukurasa wa klabu yenyewe uiseme. Na video nzito hazitumwi kwenye chumba cha matangazo. Kuna watu wanaonunua mega (MB za intaneti) za siku moja moja, video moja ya mtu anayecheza ngoma barazani inazimaliza zote kabla ya kikosi kutoka. Tuna vyumba viwili: kimoja cha matangazo ambako admini pekee wanaandika, kingine cha maneno, ambako kila mtu anasema anachotaka mpaka usiku.

Hapo ndipo tunapofika kwenye uadmini, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu makundi mengi yanavunjikia hapa. Watu wanachanganya cheo na ufunguo. Cheo ni heshima na wajibu. Uadmini ni ufunguo wa nyumba, na ufunguo anapewa anayefungua mlango kila siku, hata kama ni kijana mdogo kuliko wote. Katika WhatsApp admini yeyote anaweza kumvua mwenzake uadmini, au kumtoa kabisa kwenye kundi. Asiyeweza kutolewa ni yule tu aliyelianzisha. Maana yake, mkiwapa uadmini viongozi wote kumi kama zawadi, mna watu kumi ambao kila mmoja anaweza kuamka usiku na hasira zake akawatimua tisa waliobaki isipokuwa mwanzilishi. Nimeliona hilo likitokea katika kundi la jirani baada ya kufungwa kwenye derby. Asubuhi kulikuwa na makundi matatu yenye jina moja.

Lakini msibakize admini mmoja pia. Akitoka akiwa peke yake, WhatsApp yenyewe inamchagua mmoja wa waliobaki na kumpa uadmini, na haiangalii nani mwenye busara. Sisi tuna watatu: mwanzilishi, mkuu wa habari, mkuu wa mapokezi. Prezida hana. Siku tulipopitisha hilo alinipigia simu.

"Katibu, prezida gani hana hata uadmini?"

"Papa Prezida, ni yule ambaye admini akitaka kumtoa mtu, anamwomba kwanza ruhusa."

Alinyamaza kidogo, akauliza kama hiyo ya ruhusa imeandikwa. Nikamwambia imeandikwa, kipengele cha pili. Akakubali, na tangu hapo hakuna aliyetolewa bila yeye kujua.

Sasa kupandisha cheo. Kanuni yetu kubwa ni hii: hatumpi mtu cheo ili aanze kazi, tunampa kwa sababu kazi alishaianza. Mfano ni dada mmoja wa Katuba. Novemba 2024 timu ya wanawake ya Mazembe ilikuwa Moroko kwenye Ligi ya Mabingwa ya wanawake ya Afrika. Idara yetu ya habari wakati huo ilikuwa na watu watatu, wote wanaume, na wote walikuwa wanabishana juu ya kikosi cha wanaume. Dada huyu, bila cheo wala ruhusa, akawa anaandika kila mechi kwenye chumba cha maneno: saa ya Lubumbashi, nani ameanza, nani ameumia, bao limeingia dakika ya ngapi. Mazembe waliposhinda AS FAR ya Moroko kwenye fainali na kubeba kombe, watu walikuwa wanamngojea yeye, si idara. Hapo hakukuwa na cha kujadili. Siku hizi yeye ndiye mkuu wa habari, na mechi za wanawake zinatangazwa kwa utaratibu ule ule wa wanaume. Wawili kati ya wale watatu bado wako chini yake. Wa tatu aliona haya akahamia uwanja, anapiga ngoma vizuri sana.

Tunafuata masharti mengine madogo. Anayependekezwa lazima atajwe na mtu wa idara nyingine, maana mkuu wa idara huwa anawataja rafiki zake. Anafanya kazi kwanza kama wa majaribio, na majaribio hayo lazima yakutane na mechi tuliyofungwa, kwa sababu siku ya ushindi kila mtu ni mpole. Hatupandishi mtu wiki ya derby na Lupopo, mahasimu wetu wa mji huu huu, wala siku chache baada ya ushindi mkubwa: furaha inagawa vyeo ovyo. Na hatutumii kura ya WhatsApp kuchagua viongozi. Kwa kawaida kura hiyo inaonyesha jina la kila aliyepiga, kwa hiyo shemeji anampigia shemeji, na anayemdai mgombea pesa naye anampigia ili asipoteze deni lake. Tunapiga kwa ujumbe wa siri kwa wahesabu wawili wanaotoka komini tofauti. Kura ya WhatsApp tunaiachia mambo ya fulana, na hata hapo hakuna la kuchagua sana, rangi zetu ni nyeusi na nyeupe.

Kuna wazee. Hili wengi hawaliwezi. Tuna papa mmoja aliyekuwa kijana wakati timu ikiitwa Englebert, ile iliyocheza fainali nne za Afrika mfululizo kuanzia 1967 hadi 1970 na kubeba kombe mbili za kwanza. Alitaka kuwa makamu wa prezida, na simu yake hata kufungua picha ilikuwa inamshinda. Kumnyima ni kumvunjia heshima, kumpa ni kuiua kazi. Tulimwita mshauri, bila ufunguo, tukampa kazi ya kweli: kila Jumapili anarekodi sauti akieleza jambo moja la zamani. Alianza na fainali ya 1967 na Asante Kotoko ya Ghana, sare mbili, kisha mechi ya kuamua ambayo Kotoko hawakutokea. Vijana waliodhani historia ya klabu inaanza na kipa Kidiaba akiruka kwa makalio kwenye Kombe la Dunia la klabu pale Abu Dhabi 2010 walinyamaza wote. Kijana mmoja wa mapokezi anaandika maneno yake yote kwa ajili ya wasio na mega za kusikiliza. Jumapili papa akichelewa, watu wanauliza yuko wapi. Hiyo basi imeshakuwa idara, ingawa hatukuifungua.

Michango nitaisema kwa ufupi, ila isomeni mara mbili. Pesa haiingii kwenye simu ya prezida. Inaingia kwenye simu ya mtu mmoja, iwe M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, na daftari linakaa kwa mtu mwingine. Orodha inatolewa kila Jumamosi. Aliyetoa franka anaandikwa franka, aliyetoa dola anaandikwa dola, msibadilishe kichwani, hapo ndipo maneno yanapozaliwa. Kiasi cha kilio kipangwe mapema, cha mwanachama, cha mzazi, cha mtoto, kiwe kimoja kwa wote. Mkingoja msiba utokee ndipo mpange, mama wa makamu atapelekewa gunia la unga na mama wa mwanachama wa kawaida atapelekewa pole. Na mwenye daftari hapandi cheo chochote kabla hajalikabidhi na kusomwa mbele ya komite.

Siasa haikwepeki katika klabu hii, kwa sababu prezida wa Mazembe, Moïse Katumbi, ndiye huyo huyo aliyegombea urais wa nchi Desemba 2023. Kila mtu ana haki ya chama chake. Ila mwenye cheo kwetu haandiki kampeni kwenye chumba chochote cha kundi, ya upande wowote, na akitaka kufanya kampeni anaomba kupumzika cheo mpaka uchaguzi uishe. Matusi ya kabila hayana onyo la kwanza. Anayeyatoa anaondoka siku hiyo hiyo, hata kama ana cheo, na mwenye cheo ndiye wa kwanza. Kuwacheka Lupopo kunaruhusiwa kabisa, nusu yetu tuna kaka au shangazi huko.

Tena vyeo vyetu havibebi jina la klabu. Sisi ni mashabiki, si wafanyakazi wa Mazembe. Tulishapata mtu aliyejiita mjumbe wa klabu akaanza kuwaomba vijana pesa ya majaribio ya kucheza. Tangu hapo kila cheo kinaandikwa na neno "mashabiki" mbele yake, na mtu wa mapokezi anamweleza hivyo kila mgeni anayeingia.

Kumshusha mtu kunafanywa kwa simu, sauti kwa sauti, na mtu anayemheshimu. Ujumbe kwenye kundi unafuata kesho yake, mistari miwili, bila sababu. Sababu anaijua mwenyewe.

Msimu ukiisha, vyeo vyote vinakwisha, hata changu. Kila mkuu wa idara anakabidhi vitu vyake mbele ya watu wawili: daftari, orodha ya namba, nywila ya ukurasa wetu, ngoma na bendera vilivyo nyumbani kwake. Anayetaka kuendelea anasema, na asiyesema neno tunahesabu amepumzika.