Mngurumo wa spika hautibiwi kwa koleo

SWALI: Shikamoo fundi. Nafanya kazi ya mitambo kwa kujitegemea hapa Mafinga, zaidi semina na mikutano mikuu ya SACCOS. Laptopu ya mtoa mada nikiiunganisha kwenye miksa, spika zinanguruma. Mwenzangu alinionyesha kukata pini ya ethi, ile ya waya wa ardhini, kwenye plagi ya miksa, na kweli mlio ukaisha. Ila juzi mwenyekiti kalalamika maiki inamchonyota mdomoni. Tatizo ni maiki au miksa?

JIBU: Marahaba. Si maiki wala miksa, ni ile pini. Badilisha plagi leo, kabla hujapakia vyombo kwa kazi nyingine.

Hapa Mbeya naletewa miksa zilizokatwa pini kila mara, na mwenye chombo anajisifu kwamba kaponya mlio. Hajaponya kitu. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na mngurumo huo ndio umeme wenyewe unaousikia. Miksa umeichomeka nyuma ya ukumbi, chaja ya laptopu iko mbele. Kila kimoja kina ethi yake, halafu waya wa sauti unaziunganisha mara ya pili. Hapo panazaliwa duara, na mkondo mdogo unazunguka humo.

Ukikata pini, duara linakatika, hilo sikatai. Lakini sasa miksa inaazima ethi ya laptopu kupitia ganda jembamba la waya wa sauti. Mtoa mada akimaliza, akachomoa laptopu yake akaenda kula, miksa haina ethi kabisa. Pawasaplai nyingi za siku hizi, yaani sehemu ya kulisha chombo umeme, huvujisha umeme kidogo kwenye bodi, lile ganda la chuma la miksa, na bila ethi bodi hiyo huelea kwenye karibu nusu ya volti 230. Ganda la maiki ya waya limeungana na bodi hiyo, na midomo ina unyevu. Mwenyekiti amebahatika kuchonyotwa tu. Siku waya wa ndani ukichubuka na kugusa bodi, zitakuja 230 zote, na fyuzi ya ampia 13 itatulia tuli. Swichi za kulinda watu hukata umeme ukivuja milliampia 30 tu. Pima mwenyewe hiyo tofauti.

Kwako: chomoa chaja ya laptopu. Mlio ukiisha, duara umelipata. Usipoisha, chomoa na waya wa projekta, maana nao huleta ethi yake. Kisha nunua boksi la DI lenye transfoma, kiboksi cha kupitishia sauti, likae kati ya laptopu na miksa. Lina swichi ndogo inayokata ethi ya waya wa sauti; ya umeme haiigusi. Pesa ikiwa bado, chomeka miksa, laptopu na projekta kwenye ekstensheni moja.

Halafu kuna hawa wanaochokonoa tundu la juu la soketi kwa kalamu ili plagi ya pini mbili iingie, na kumbi zenye matundu matatu ambayo nyuma ya lile la ethi hakuna waya wowote. Jenereta za harusini ndiyo usiseme: hazijachomekwa hata nondo ardhini, masika, hema juu ya majani mabichi, na MC anatembea peku na maiki ya waya. Mimi nabeba kipima soketi mfukoni. Taa ya ethi isipowaka, spika hazishuki kwenye gari mpaka mwenye ukumbi aite fundi umeme wake, na bwana harusi anune akitaka.