Ukimhoji mfanyakazi mhamiaji, anza na deni

Wengi wanaoanza utafiti wa ustawi wa jamii kuhusu uhamiaji hufungua mahojiano kwa swali lilelile: kwa nini ulihama? Nakushauri uliache. Mtu ameshaulizwa hilo na maofisa uhamiaji, na polisi, pengine hata mahakamani, na jibu lake limeshapigwa pasi. Mimi huuliza alilipa nini hadi akafika, alimlipa nani, na bado anadaiwa kiasi gani.

Deni ndilo linaloamua mengine. Aliyekopa kwa riba ili amlipe wakala haachi kazi hata akitukanwa, hata mshahara ukichelewa, kwa sababu huko alikotoka kuna mali ya wazazi iliyowekwa rehani. Mkataba Na. 181 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO), wa mwaka 1997, unawakataza mawakala binafsi wa ajira kumtoza mfanyakazi, ingawa umeacha mwanya wa misamaha. Basi usiridhike akikwambia hakulipa ada. Uliza nauli, vipimo vya afya, mafunzo, sare, na makato ya mshahara ya miezi ya mwanzo. Mara nyingi fedha imejificha humo.

Kuhusu rangi, nimeacha kuuliza "umewahi kubaguliwa?" Wengi hujibu hapana, nani anataka kuonekana mlalamishi mbele ya mgeni mwenye daftari? Huuliza nani yuko mapokezi, nani anasafisha vyoo, nani analipwa zaidi kwa kazi ileile. Kisha napanga majibu kwa uraia, rangi, kazi na mshahara. Si mbinu mpya. Mwanasosholojia Mmarekani mweusi W. E. B. Du Bois alipopita nyumba kwa nyumba Philadelphia, Marekani, kuanzia 1896, aliandika pia kazi ambazo watu weusi walifungiwa mlango, na umaskini wao ukaacha kuonekana kama tabia yao.

Mahali pa mahojiano pana uzito kuliko fomu ya ridhaa. Mfanyakazi wa nyumbani anayehojiwa sebuleni kwa mwajiri hajaridhia chochote, hata akitia sahihi. Chini ya mfumo wa kafala, yaani udhamini wa mwajiri, katika nchi kadhaa za Ghuba, ukaazi wake umefungwa kwa mwajiri. Neno likivuja, kazi na kibali vinaweza kupotea pamoja. Kutaneni siku yake ya mapumziko, pale atakapochagua yeye. Akisema pasipoti iko kabatini kwa bosi, liandike vizuri: Mkataba Na. 189 wa ILO wa 2011, kuhusu wafanyakazi wa nyumbani, unampa haki ya kukaa nayo mwenyewe. Lakini usimhimize aende kuidai usiku huo kama hana pengine pa kulala.

Halafu kuna lile linalotutesa zaidi sisi wa fani hii: mtu anaomba msaada katikati ya mahojiano. Wapo walimu wa mbinu za utafiti watakaokwambia ubaki mtazamaji. Sikubaliani nao. Zima kinasa sauti, umsaidie. Kabla hujaenda uwe na namba za wakili asiyelipisha, chama cha wafanyakazi kinachopokea wasio na vibali, na nyumba salama. Zipige mwenyewe uone kama zinapokelewa. Mahojiano yataendelea siku nyingine akitaka. Asipotaka, futa alichokwisha kusema, hata kama ndicho kilichokuwa kizuri kuliko vyote ulivyokusanya.