Maswali ya Wasomaji: Wareno wa Melaka na Mtakatifu Petro

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesikia kwamba huko Melaka, nchini Malaysia, wapo wavuvi wanaojiita Wareno ambao kila mwaka huadhimisha sikukuu ya Mtakatifu Petro. Wareno waling'olewa Melaka zamani, kama walivyong'olewa Mombasa. Je, sikukuu hiyo imedumuje, au ni maonyesho ya kuwavutia watalii? – Msomaji, Tanga.

JIBU: Watalii wapo, ila sikukuu si yao. Wareno waliiteka Melaka mwaka 1511, nao Waholanzi wakawanyang'anya mwaka 1641. Waliobaki hawakuwa askari wa ngomeni bali familia zilizotokana na ndoa za Wareno na wanawake wa huko, zenye lugha yao, Kikristang, na dini ya Kikatoliki ambayo Waholanzi waliibana kwa miaka mingi, hadi Kanisa la Mtakatifu Petro lilipojengwa mwaka 1710. Kanisa hilo linasaliwa hadi leo. Mombasa, Ngome ya Yesu ilipoangukia mikononi mwa Waomani mwaka 1698, haikubaki jamii ya namna hiyo, yalibaki maneno. (Kwa Kikristang kanisa huitwa greza. Sisi neno hilohilo tumelifanya la kufungia wahalifu.)

Sikukuu huwa tarehe 29 Juni, katika Makazi ya Wareno huko Ujong Pasir, kijiji cha pwani kilichoanzishwa miaka ya 1930. Kwa kuwa Petro ndiye somo wa wavuvi, kiini chake ni mashua: hupakwa rangi upya, zikapambwa kwa bendera na picha za mtakatifu, kisha padre huzipitia akizinyunyizia maji ya baraka, na iliyopambwa vizuri zaidi hupewa tuzo. Ngoma zenye mavazi ya Kireno ambazo wageni hupenda kuzipiga picha zilifundishwa huko miaka ya 1950 tu, kwa hiyo usiipime sikukuu kwazo.

Uipime kwa mvuvi wa uduvi, anayeingia majini hadi kifuani akisukuma wavu uliofungwa kwenye mianzi miwili iliyopishana. Kazi hiyo ndiyo iliyoiweka sikukuu hai, na ndiyo inayodhoofika sasa, kwani sehemu ya bahari iliyo mbele ya kijiji imefukiwa kwa ajili ya ujenzi, na watoto wengi wa wavuvi wameajiriwa mjini.