Re: Mama kapewa unga wa kushusha potasiamu, sasa tumbo linamuuma

Pole sana dada. Umeuliza kama Kayexalate, huo unga wa kushusha potasiamu mwilini, ndo inaweza kumuumiza mama tumbo, jibu ni ndio, ni mara chache ila ikitokea ni hatari kweli, kipande cha utumbo kinakufa hadi kutoboka, hasa kwa mtu aliyetoka kufanyiwa oparesheni au ambaye choo hakitoki, na unga huo ukichanganywa na sorbitoli (dawa ya sukari ya kulainisha choo) ndo mbaya zaidi, FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilishaonya tangu 2009. Kama tumbo limejaa, anatapika au choo kina damu usisubiri kliniki, mpeleke emajensi leo leo na hiyo dawa mkononi, dozi nyingine asimeze kwanza. Ila waulizeni watampa nini badala yake, potasiamu ikipanda moyo unaweza kusimama. Choo anapata kweli?