Barua kwa mwanangu: siku kivuli kinapopotea

Lubumbashi, mwezi wa nane

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, ya mwisho chini ya mwembe, nimevaa miwani ya mama yako maana yangu imevunjika mkono. Unasema huko Bruxelles umeingia katika kundi la watu wanaoadhimisha majira ya mwaka kwa taratibu za ibada, ila bila Mungu, bila miungu, bila mizimu. Ardhi, jua, mvua, uhai, basi. Na wanajiita wapagani. Unaniuliza mambo mawili: kama nimekasirika, na ukija nyumbani mwezi wa kumi uadhimishe nini, maana ile duara yenu ya sikukuu nane haikai vizuri kwenye kalenda ya kwetu.

Sijakasirika. Kilichonishtua ni hilo jina. Hapa kwetu mpagani ni tusi. Bibi yako, huyo unayebeba jina lake, aliitwa hivyo na katekista mbele ya watu mpaka siku alipobatizwa, na hakulisahau. Baadaye nikisoma Kilatini kidogo nikakuta asili ya neno ni mtu wa shamba, mtu wa kijijini. Nilipomweleza alicheka: "Basi alisema kweli." Mama yako yeye amekuanzishia rozari. Mwache asali, haikupunguzii kitu.

Sasa hiyo duara. Baadhi ya sikukuu zake ni za zamani sana, hasa zile za Ireland zilizofuata ng'ombe na mavuno, lakini kuzifunga zote nane katika mwaka mmoja ni kazi ya Waingereza wa miaka ya 1950. Sisemi hivyo kuidharau. Nataka ujue tu kwamba kama wao waliipanga kufuata hali ya kwao, na wewe unaweza kupanga ya kwako. Wenzenu wa Australia wameigeuza kwa miezi sita: sikukuu ya jua la baridi, ambayo ninyi mnaifanya Desemba, wao wanaifanya Juni. Utasema na sisi tuko kusini ya ikweta, tuigeuze vivyo hivyo. Haitatosha. Huko ulipo mchana wa Desemba una urefu wa saa nane hivi, na wa Juni unapita saa 16, kwa hiyo naelewa mtu akiwasha moto kulisubiri jua. Hapa kati ya mchana mrefu na mfupi kuna tofauti ya saa moja na dakika 20 tu. Jua hatulisubiri. Tunasubiri mvua. (Na mishumaa hapa tunaiwasha kwa sababu umeme umekatika, hakuna mgeni atakayeona ni ibada.)

Kwa hiyo nikikushauri, anza na tarehe 23 au 24 mwezi wa kumi. Siku hizo jua linapita juu kabisa ya Lubumbashi. Nilipokuwa nafundisha jiografia nilikuwa nasimamisha mti wa ufagio katikati ya uwanja wa shule, nikiunyoosha kwa kamba yenye jiwe. Kuanzia saa tano watoto wanachora ncha ya kivuli kwa chaki. Kivuli kinafupika, kinakuwa kama kidole, kinakuwa kama ukucha, na saa sita kasoro dakika sita hivi hakipo. Mti umesimama na chini yake hakuna kitu. Watoto wanaojua kupiga kelele kama kasuku wananyamaza wote. Mwaka mmoja mzazi alikuja kulalamika kwamba mwalimu anawaibia watoto vivuli vyao. Nikamwambia arudi kesho yake achukue cha mwanawe. Jua hurudi juu yetu tena kama tarehe 18 mwezi wa pili, lakini wakati huo mawingu mara nyingi hayakuachii kitu.

Huhitaji kuamini lolote ili siku ile ikuguse. Mimi ninayekwenda misa kila Jumapili ilikuwa inanigusa hivyo hivyo.

Kabla ya hapo, mwezi wa tisa, miombo inatoa majani mapya mekundu, na udongo bado mkavu kama tofali. Haijangoja mvua, inatumia maji iliyoyaweka akiba na yale ambayo mizizi inayafuata chini sana. Halafu mvua za kwanza, na inswa, wale kumbikumbi. Hilo unalikumbuka: beseni la maji chini ya taa, mabawa yanaelea juu, na wewe unalia kwa kuwa dada yako amekula wabichi. Vile vichuguu vikubwa vya njia ya Kipushi, wataalamu walipima udongo wa kimoja nje ya mji huu wakakuta umri wake unazidi miaka 2,000. Nikipita hapo siku hizi natoa kofia. Sijui namtolea nani, na sijaona haja ya kuuliza.

Ila kuna jambo moja nakuomba. Bibi yako hakula mahindi mabichi mapya kabla hajaweka la kwanza chini ya mti. Yeye alijua kuna wanaolipokea, na aliwataja kwa majina. Ukitaka kuweka hindi lako kushukuru udongo, weka. Lakini usiwaambie wenzako wa Bruxelles kwamba unaendeleza dini ya bibi, wala kwamba bibi aliabudu "asili". Angekukatiza. Sema ni yako, imeanza na wewe.

Na jingine ni kazi. Sasa hivi moshi umeufunika mji, jioni jua ni jekundu kama kaa. Miti inaisha kwa makala, yaani mkaa, na mimi mwenyewe nimepika bukari, ugali wetu, kwa makala miaka 40, sina uso wa kumlaumu mchomaji. Ila shina la miombo likikatwa huchipua tena, mradi moto mkali wa mwisho wa kiangazi usilipitie. Juzi nimefyeka ukanda wa hatua tano kuzunguka kipande chetu cha shamba. Machipukizi ya miaka mitatu yananifika begani. Upande wa mashariki haujaisha, mgongo umenikatalia, na kaka yako ana sababu mpya kila Jumamosi. Kama kundi lenu lina sikukuu ya Agosti, hiyo ndiyo ya hapa, na panga lako nimelinoa.

Basi kata tiketi ufike kabla ya tarehe 23. Mti wa ufagio bado uko nyuma ya jiko. Na uniletee mkono wa miwani, wa kulia.

Baba yako